Mafundi wa vitani nao waandikwe

Ndugu Mhariri, salaam kutoka Ujiji, Kigoma. Kila mkiandika habari za vita ni majenerali tu, mafundi hamuwataji kabisa na hii inaniuma sana. Chukua Vietnam, Januari 1963 pale Ap Bac, jeshi la Vietnam Kusini lilikuwa na magari ya deraya M113 ya Kimarekani, bombomu liko juu ya paa na mpigaji kifua chote kiko nje hana hata bati la kumkinga, basi wapigaji wakafa kama 14 hivi siku hiyohiyo. Baada ya hapo ndo karakana zao zikaanza kuchomelea ngao za chuma mbele ya bombomu, vyuma vya mwanzo vilitoka kwenye meli iliyozama, na baadae Wamarekani wenyewe wakafunga ngao kwenye magari yao. Na hapa kwetu je? Mzinga wa Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyozama Rufiji 1915 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ulifungwa kwenye meli ya Götzen hapahapa Kigoma, ndo hiyohiyo Liemba ya Ziwa Tanganyika! Vijana wangapi wanajua? Naomba mtenge ukurasa mzima, muwahoji wazee wa reli na bandari waliosimuliwa na baba zao, wangalipo.