Mliandika juu ya chanjo, mkaisahau homa

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Ile habari yenu ya chanjo ya korona na kina mama wanaopandikizwa mimba ndiyo iliyonitoa kimya. Kichwa chake kilitisha kwa herufi kubwa, eti chanjo inaharibu uzazi, halafu idadi ya waliochunguzwa, wachache kweli, mkaiweka aya ya mwisho, ambako msomaji mwenye wasiwasi hafiki.

Msomaji huyo nilikuwa mimi. Mwaka 2021 nilikuwa na miaka 39, tunajiandaa kwa mzunguko wetu wa pili wa IVF, yaani mayai kurutubishwa maabara kisha kupandikizwa tumboni. Wifi yangu akatuletea habari inayofanana na yenu, eti chanjo inaufundisha mwili kulishambulia kondo la nyuma. Sikuchanja. Mume wangu naye akaacha, asinitie hofu zaidi. Ikabaki wiki moja nianze sindano za kukuza mayai, akashikwa na korona, siku tano mfululizo anachemka. Alipopona akapimwa: mbegu zimepungua mno, na nyingi ya zilizobaki hazitembei. Daktari akatueleza taratibu kwamba mbegu huchukua kama siku 74 kukomaa, kwamba homa kali ya ugonjwa wowote huweza kuziharibu zikiwa bado zinatengenezwa, na kwamba tungoje miezi 3. Miezi 3 kwa mwanamke wa miaka 39, Mhariri! Nilitimiza 40 nikiwa nangoja. Mzunguko wa kwanza tulivuna mayai 7. Safari hii yakapatikana 2, na hakuna kiinitete, yaani yai lililorutubishwa, kilichoshika. Siwezi kuapa kwamba kuchelewa ndiko kulikotuponza, umri wangu peke yake ungetosha. Lakini miezi ile ilikuwa yangu, na aliyeninyang'anya ni mtu aliyeandika asichokichunguza.

Na uchunguzi upo. Watafiti wa hospitali ya Mount Sinai, New York, walichapisha mwaka 2022 matokeo ya wanawake walio kwenye matibabu haya haya. Kwenye hatua ya kukuza mayai waliwalinganisha 222 waliochanjwa na 983 wasiochanjwa. Kwenye kupandikiza viinitete vilivyogandishwa, 214 na 733. Mayai kurutubika, mimba kushika, mimba za mapema kuharibika: hawakuona tofauti ya maana. Mwaka huo huo utafiti wa wanandoa wa Marekani na Kanada waliokuwa wakitafuta mtoto kwa njia ya kawaida haukuona chanjo ikipunguza nafasi ya mimba kwa mke wala mume. Kilichoonekana ni kwamba mwanamume aliyeugua korona ndani ya siku 60 zilizopita alikuwa na nafasi pungufu, kwa muda. Hilo la wanaume halimo kabisa kwenye habari yenu.

Wala sishangai, kwa sababu hata picha mliyoweka ni ya mwanamke aliyeinamisha kichwa. Kila mkigusa uzazi ni mwanamke huyo huyo, na neno ni lile lile, tasa. Karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika, mwanamume naye ana sehemu yake katika tatizo. Yeye picha yake iko wapi? Nilikaa kwenye mabenchi ya kliniki nikiwaona wanaume wakisubiri na chupa ya sampuli mfukoni, macho chini, hakuna gazeti lililowahi kuwaandikia kwamba homa ya wiki hii ni jambo la kumwambia daktari kabla ya siku ya mavuno.

Ombi langu ni hili. Habari yoyote ya chanjo na uzazi iwe na idadi ya waliochunguzwa papo hapo chini ya kichwa, herufi zikitoshana. Na kabla haijaenda mitamboni, mwandishi ampigie simu mwanamke mmoja aliye katikati ya sindano zake, amsomee kile kichwa cha habari kwa sauti, kisha angoje jibu lake.

Jina langu naomba lihifadhiwe. Mume wangu ameisoma barua hii na amekubali itumwe.