Brugge asubuhi, Gent jioni

Brussels, 3 Mei

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa Bi Mkubwa. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mkutano umewaachia Jumamosi nzima. Umeuliza kama siku moja inatosha kuiona miji ya Brugge na Gent kwa treni ukiwa na mama ambaye magoti yanamsumbua. Inatosha, tena bila kukimbizana, mradi muianze safari kwa mwisho wake. Gent ndiyo ya kwanza njiani, kwa hiyo wengi hushuka hapo kwanza, wakafika Brugge saa sita mchana pamoja na mabasi yanayoleta abiria wa meli za kitalii kutoka bandari ya Zeebrugge. Nyinyi ipiteni Gent bila kushuka. Nendeni moja kwa moja Brugge asubuhi, kisha mrudi Gent mchana. Sababu ya pili ni jua, nitaifikia.

Pandeni stesheni ya kati, inayoandikwa Bruxelles-Central na pia Brussel-Centraal. Treni ya Oostende inayotokea Eupen hupita stesheni tatu za Brussels, kwanza Nord, halafu Central, halafu Midi, na Midi ndipo watu wanapoingia kwa wingi. Mkipanda Central mnawahi viti. Ila majukwaa yake ni membamba na treni haikai, basi muwe mmeshashuka chini dakika kumi kabla. Kwenye ubao msitafute Brugge kwa herufi kubwa. Ubao unaandika mwisho wa safari, ambao mara nyingi ni Oostende, au Knokke na Blankenberge. Brugge imo kwenye orodha ndogo ya vituo vya njiani. Treni za Knokke na Blankenberge hukatwa vipande viwili hapo Brugge, lakini hilo haliwahusu, kwa sababu vipande vyote vinafika Brugge.

Treni ikishaingia Flanders, matangazo ya Kifaransa yanakatika, kinabaki Kiholanzi. Gand inakuwa Gent, Bruges inakuwa Brugge, na jioni Bruxelles-Midi itasomeka Brussel-Zuid. Mtu wa Bujumbura au Lubumbashi mwenye Kifaransa chake safi anaweza kuipita Gand huku akiisubiri. Hesabuni kwa saa: Gent-Sint-Pieters ni kama nusu saa na ushei kutoka Brussels, Brugge ni kama saa nzima. Mkisinzia mtaamkia Oostende baharini, robo saa mbele.

Tiketi isikuumize kichwa. Ya kawaida haina namba ya kiti wala saa, ni ya siku iliyoandikwa juu yake, na kuinunua wiki mbili kabla hakupunguzi bei. Nunueni safari tatu mbalimbali, Brussels hadi Brugge, Brugge hadi Gent, Gent hadi Brussels, kwa mashine, dirishani au kwenye programu ya shirika la reli, na ukifika dirishani uliza punguzo la wikendi na la umri, maana kanuni zake hubadilika. Msipande bila tiketi mkitegemea kulipa ndani, kwa sababu mkaguzi huongeza ada juu ya nauli. Behewa lenye namba 1 mlangoni ni daraja la kwanza. Tiketi ya daraja la pili humo ni faini, hata kama kwingine kumejaa. Mabehewa mengine yana vidato vya kupandia, basi mpe mama mkono. Na tumieni choo cha treni kabla ya kushuka, maana vya stesheni na vya mjini ni vya kulipia. Wekeni sarafu za senti 50 na yuro 1 mfukoni.

Kinachoharibu safari hizi si kupotea bali ni migomo na matengenezo ya njia. Belgiamu hugoma mara kwa mara. Siku ya mgomo treni chache huendelea, na ratiba yake hutolewa siku moja kabla. Wikendi nayo ndiyo siku ya mafundi, treni zikabadilishwa na mabasi. Kwa hiyo Ijumaa jioni, kabla ya kulala, angalia programu kwa treni ileile mnayoitaka. Kukiwa na jua kali, jueni pia kwamba nusu ya Brussels inaelekea pwani kwa njia hiyohiyo. Treni ya saa moja na nusu asubuhi inawatangulia.

Sasa Brugge. Kutoka stesheni hadi uwanja mkuu, Markt, ni kilomita moja na nusu hivi. Yako mabasi yaliyoandikwa Centrum, yaani katikati ya mji, na mama akichoka mpandishe, lakini asubuhi nawashauri mtembee, maana njia ni tambarare na ndiyo nzuri kuliko zote. Vukeni barabara kubwa mbele ya stesheni, shikeni bustani hadi ziwa la Minnewater lenye bata maji weupe, halafu muingie Begijnhof kwa daraja lake dogo la matao matatu. Ni makazi yaliyoanzishwa 1245 kwa wanawake wacha Mungu walioishi pamoja bila kuwa watawa kamili. Leo wanakaa masista wa Mtakatifu Benedikto, na wageni huombwa wasipige kelele. Nyumba ni nyeupe, katikati kuna majani na miti mirefu iliyoinama kidogo, na saa tatu kasoro asubuhi huenda mkawa nyinyi na ndege tu. Hapo msiharakishe.

Mkitoka, fuateni Katelijnestraat. Mtapita hospitali ya kale ya Mtakatifu Yohana, yenye michoro ya Hans Memling, na kanisa la Bikira Maria lenye mnara wa matofali wa mita 115. Ndani ya kanisa kuna sanamu ya marumaru ya Michelangelo, Bikira na Mtoto, iliyotoka Italia mchongaji angali hai. Nyuma ya kanisa kuna kidaraja cha mawe kinachopigwa picha kuliko vyote, Bonifaciusbrug. Kinaonekana cha kale sana, lakini ni cha mwanzoni mwa karne ya 20. Kipendeni hivyohivyo.

Mbele kidogo ni Rozenhoedkaai, kona ambapo mfereji unapinda na mnara wa kengele unatokeza juu ya mapaa. Jua la asubuhi linatoka nyuma yenu na kuangukia nyumba za ng'ambo. Mchana kona hiyo ni bega kwa bega.

Boti huanza saa nne asubuhi, kuanzia Machi hadi katikati ya Novemba, na safari ni nusu saa. Kuna magati matano, na yote yana njia moja na bei moja, kama yuro 15 kwa mtu mzima. Kwa hiyo kupanga foleni Rozenhoedkaai ni kupoteza muda: endeni gati lolote lenye watu wachache, na muwe pale kabla ya saa nne. Boti hazina paa. Kukinyesha mtalowa, na chini ya madaraja mafupi kila mtu huinamisha kichwa. Kuingia kuna ngazi za kushuka hadi kwenye maji, na nahodha hutoa mkono. Mama ataweza, ila asivae viatu vya soli laini. Mji mzima umetandikwa mawe, na yakiwa na unyevu yanateleza.

Mnara wa Markt una urefu wa mita 83, ngazi 366 na kengele 47, na hauna lifti. Juu kabisa ngazi zinabana mno, wanaopanda na wanaoshuka wanapishana kwa kushika kamba. Mwachieni mama benchi la chini, au acheni kabisa, kwa sababu Gent kuna mnara wenye lifti.

Nakuomba mkifika Markt mtazame upande wa mashariki, palipo jengo la serikali ya jimbo. Hapo palisimama Waterhalle, ghala kubwa ambalo boti ziliingia chini ya paa lake na kupakuliwa mizigo katikati ya mji. Lilibomolewa 1787. Bila kulijua hilo, mtu anaiona mifereji hii kama pambo. Ilikuwa barabara ya mizigo. Mwaka 1134 dhoruba ilipasua pwani, bahari ikaingia ndani kwa mkono wa maji ulioitwa Zwin. Meli kubwa zilitia nanga Sluis na Damme, na bidhaa zikaletwa mjini kwa mashua ndogo. Sufu ya Uingereza ilikuja kwa njia hiyo, na kuanzia 1277 zikaja meli za Genoa kutoka Mediterania. Kisha wenye ardhi wakajenga tuta baada ya tuta kuinyang'anya bahari mashamba. Kila tuta lilipunguza maji yanayojaa na kupwa katika Zwin, na maji yakipungua nguvu hayazoi tena tope. Umekulia Tanga, hilo huhitaji kuelezwa. Kufikia karibu 1500 meli kubwa zilikuwa hazipiti. Siasa nayo ikaongeza pigo: mwaka 1488 watu wa Brugge walimfunga mtawala wao Maximilian, na alipotoka akawaamuru wafanyabiashara wa nje wahamie Antwerpen. Mji ukafukarika kwa karne nyingi, na umaskini huo ndio uliozinusuru nyumba mnazoziona, kwani hapakuwa na fedha za kuzibomoa na kujenga mpya.

Chakula cha mchana kuleni kabla ya treni, ila msikae kwenye meza za Markt, mnalipia mandhari. Jambo moja muhimu kwenu: chipsi za Belgiamu hukaangwa mara mbili, na kwa desturi hukaangwa kwa shahamu ya ng'ombe ambaye hakuchinjwa kwa utaratibu wetu wa Kiislamu. Ulizeni mafuta gani kabla ya kuagiza. Vibanda vingine hutumia ya mimea. Mchuzi wa nyama uitwao stoofvlees hupikwa kwa bia. Kome, samaki na waffle havina shida hiyo, ingawa kome pia muulize kama wametiwa divai. Mkipenda usalama zaidi, Ijumaa piteni Matonge, mtaa wa Waafrika pale Brussels, mnunue vya kubeba.

Ondokeni Brugge saa saba mchana. Gent-Sint-Pieters ni chini ya nusu saa, lakini stesheni iko zaidi ya kilomita mbili kutoka katikati ya mji, na hapo ndipo wageni wengi hujichosha kwa kutembea barabara isiyo na cha kuona. Pandeni tramu namba 1 hadi Korenmarkt. Tiketi ya treni haifai humo. Mnagusa kadi ya benki kwenye kisomaji ndani ya tramu.

Kwanza kanisa kuu la Mtakatifu Bavo, maana picha ya altare ya ndugu Van Eyck, iliyokamilika 1432, hufungwa saa kumi na moja jioni. Kuingia kanisani ni bure, kuiona picha ni kwa tiketi ya saa maalumu. Weka nafasi ya saa nane na nusu mchana mtandaoni mapema. Lifti ipo. Mtazameni uso wa mwanakondoo wa katikati: ulipakwa rangi juu na watu wa baadaye, na ukarabati ulioanza 2012 ukaufunua tena, macho yakiwa yanamtazama mtu sawasawa. Ukarabati unakwenda kwa awamu, huenda baadhi ya mbao zilizochorwa picha hiyo zisiwepo. Moja haipo kwa sababu nyingine: iliibwa Aprili 1934 na haijapatikana. Mtakayoiona chini kushoto ni nakala.

Mnara wa kengele wa Gent, mita 91, uko jirani na ndio wenye lifti, ingawa ngazi za mwanzo lazima zipandwe kwa miguu. Ngome ya Gravensteen ya 1180 ni ngazi tupu, itazameni kwa nje.

Halafu mkae Korenlei. Ng'ambo ni Graslei, gati la kale la Mto Leie, na nyumba zake zinatazama magharibi, kwa hiyo alasiri jua linazipiga usoni mpaka mawe yanageuka rangi ya asali. Ndiyo maana Gent ni ya jioni, na mwezi huu jua linazama baada ya saa tatu usiku, mna muda tele. Kati ya nyumba hizo tafuteni ghala la nafaka la karibu 1200, zito, la mawe ya kijivu, lenye ukuta ulioinamia mbele. Boti zilizobeba nafaka zililazimika kusimama Gent na kuacha sehemu ya mzigo, na hapo ndipo ulipowekwa. Pembeni yake kuna kinyumba chembamba cha 1682, ofisi ya mtoza ushuru. Gent haikufa kama mwenzake kwa sababu ilijichimbia njia nyingine: mfereji wa Terneuzen wa 1827 uliipa bandari tena, na viwanda vya pamba vikaijaza watu. Ndiyo maana jioni Brugge inafunga milango na Gent ndiyo kwanza inaamka, na wanafunzi wamekaa ukingoni miguu ikining'inia juu ya maji.

Kurudi, wekeni dakika arobaini kutoka Korenmarkt hadi kwenye jukwaa, kwani tramu ya jioni haiji haraka. Treni za Brussels ni kadhaa kila saa hadi usiku. Hapa pia someni vituo vya njiani, maana ubao utaandika Eupen au mji mwingine wa mbali. Kukiwa kulikuwa na jua, za saa kumi na mbili na saa moja huja zimejaa watu wa pwani. Mkingoja ya saa mbili usiku mama atapata kiti.

Chukueni koti la mvua badala ya mwavuli, upepo wa Flanders huugeuza. Nijulishe hoteli yenu iko karibu na stesheni gani, maana kama ni Nord mtapandia hapohapo bila kwenda Central.

Msalimie sana Bi Mkubwa.

Wako,
Rehema