Pumu msimu wa salfa: ulizeni kwanza kabla ya diklofenaki

Mhariri,

Mashine za kupuliza salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, zikianza kunguruma mikoroshoni, kuanzia Masasi hadi Nachingwea, wenye pumu hubanwa. Vumbi lile hukera njia za hewa. Wengi huenda duka la dawa wakarudi na piritoni, dawa ya mzio, na kwa maumivu ya mwili wakaongezewa diklofenaki. Piritoni haifungui kifua. Diklofenaki, kwa baadhi yao, yaweza kuua.

Piritoni huzuia histamini, yenye kuleta chafya na muwasho. Kifua hubanwa zaidi na lukotraini, ambazo seli za kinga huzitengeneza kutokana na mafuta ya kuta za seli hizo, yaitwayo asidi arakidoniki. Mwanasayansi Bengt Samuelsson wa Sweden alizipa jina hilo mwaka 1979. Kwa kiasi kilekile, baadhi yake hukaza misuli ya njia za hewa hadi mara 1,000 kuliko histamini. Pia huvimbisha njia hizo na kuongeza makohozi.

Asidi hiyohiyo hutoa prostaglandini, na mojawapo huzifungia breki lukotraini. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni huzuia prostaglandini; breki ikitoka, lukotraini hufurika. Si kila mwenye pumu hupatwa na hili, ila mwenye vinyama puani ashukiwe zaidi. Kifua hubana kati ya dakika 30 na saa 3 baada ya kumeza. Wauza dawa, ulizeni kwanza: "Una pumu? Umewahi kubanwa baada ya kumeza dawa ya maumivu?" Parasetamoli ya kipimo cha kawaida ni salama zaidi.

Montelukasti huzuia lukotraini: mtu mzima miligramu 10 jioni, mtoto wa miaka 6 hadi 14 miligramu 5. Ni kinga ya kila siku na haizimi shambulio, wala haichukui nafasi ya inhela ya steroidi, inayotuliza uvimbe wa njia za hewa. Ikileta ndoto za kutisha, huzuni au mawazo ya kujiua, iachwe na daktari aonwe mara moja.

Shambulio likija, tumia inhela ya salbutamoli, dawa ya kufungua kifua. Toboa kitako cha chupa ya plastiki ya mililita 500, tundu liibane inhela, maana likipwaya dawa huvuja. Tikisa, puliza mara moja, mgonjwa avute pumzi 5 mdomoni mwa chupa. Rudia hadi mipulizo 4. Baada ya dakika 20 bado kabanwa, rudia mukiwa njiani kwenda hospitali. Asiyeweza kumaliza sentensi, au midomo imegeuka bluu, asingojee hizo dakika 20.

Wafamasia wawili,
Masasi, Mtwara