Msikilizaji akipanga bei, mgao upangwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu ndugu yetu wa Morogoro, aliyeandika juma lililopita kwamba mwanamuziki anayeweka wimbo wake mtandaoni na kuwaambia watu "lipa utakacho" amejigeuza ombaomba, na kwamba Mtanzania ukimwachia apange bei mwenyewe atapanga sifuri.

Jambo hili nalijua kwa mikono. Nilikuwa mshika daftari wa kikundi cha taarabu hapa Tanga tangu enzi za kanda hadi wapigaji wetu walipotawanyika, wengine kwa umri, wengine wametangulia mbele ya haki. Sikuwahi kuimba, sauti yangu inafaa kuwaitia watoto chakula tu. Lakini kila noti iliyotua jukwaani ilipita kwangu ikahesabiwa, na mara nyingi nilijua nani kaitoa, kaitoa kwenye ubeti gani, na kisa chake.

Nianze na hilo la ombaomba. Kiingilio chetu kilikuwa na bei, imeandikwa kwa chaki mlangoni, na fedha yake iliishia kwenye kodi ya ukumbi na gari la kubebea vyombo. Kilichowafikisha wapigaji nyumbani na kitu mfukoni kilikuwa tunzo, na tunzo haijawahi kuwa na bei. Mama anainuka kitini, anajiweka kanga sawa, anakwenda mbele kwa madaha huku noti ameishika juu ionekane, anazunguka kidogo mbele ya mwimbaji, ndipo anaitoa. Hakuna aliyemwambia atoe kiasi gani. Mwimbaji anaipokea kwa ncha za vidole bila kukatisha ubeti, wala hasemi ahsante. Ndugu yetu angekaa safu ya mbele usiku mmoja tu asingeandika neno ombaomba.

Tena asidhani mama yule alikuwa akilipia muziki peke yake. Ubeti ukimgusa jirani mwenye husuda, utawaona wanne watano wanainuka kwa pamoja, kila mmoja jicho liko kwa mtu wake. Anatoa noti ili aliyekusudiwa amwone anaitoa. Kuna usiku wake wenza wawili walishindana kutunza wimbo mmoja, huyu akikaa yule anainuka, hadi wimbo ukarudiwa na kurudiwa na mpiga besi akaanza kunionyesha vidole vyake kwa mbali. Daftari la usiku huo lilinona. Mpiga besi alinuna hadi asubuhi.

Na nje ya ukuta palikuwa na hadhira nyingine, watu wa chabo, waliosikiliza kupitia matundu ya matofali. Hawakutoa hata senti. Baadhi ya wenzangu walitaka wafukuzwe, nami nilikataa kila mara, kwa kuwa hao ndio waliokuwa wakiimba nyimbo zetu kesho yake sokoni na kwenye mabasi ya Muheza, na harusi nyingi tulizoalikwa zilitokana na midomo yao. Ndugu yetu anawahesabu watu wa namna hiyo kuwa hasara. Mimi sikuwahi kuwaandika kwenye ukurasa wa hasara.

Sasa twende Ulaya, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyataja mambo ya Ulaya, ila aliyataja nusu. Bendi aliyoikusudia ni Radiohead ya Uingereza. Mkataba wao na kampuni ya muziki ya EMI ulikuwa umekwisha kwa albamu yao ya sita ya mwaka 2003, kwa hiyo ya saba, In Rainbows, walikuwa nayo mkononi bila bwana. Tarehe 1 Oktoba 2007 wakatangaza kwamba itatoka baada ya siku kumi, kwenye tovuti yao wenyewe, na palipotakiwa kuandikwa bei waliacha kisanduku kitupu. Msikilizaji aandike mwenyewe. Ukiandika sifuri, unapewa. Ukiandika pauni kumi, unapewa nyimbo zilezile.

Ndugu yetu aliandika kwamba wengi walichukua bure. Kampuni moja ya utafiti wa mtandao, comScore, ilikadiria hivyo, kwamba 62 katika kila 100 hawakulipa kitu, na bendi ikakanusha makadirio hayo. Tuseme basi kampuni ilipatia. Ambalo hakuliandika ni kwamba Thom Yorke, mwimbaji wao, alisema baadaye kuwa albamu hiyo iliwaingizia fedha nyingi zaidi kwa njia ya kupakua kuliko albamu zao zote za nyuma zikijumlishwa. Tena walikuwa wakiuza pembeni sanduku la santuri kwa pauni 40, na santuri ilipoingia madukani mwanzoni mwa 2008, ikiwa na bei yake ya kawaida, ilishika namba moja Uingereza na Marekani. Watu wa chabo walikuwa wamekwisha kuitangaza.

Mfano ninaoupenda mimi ni mwingine, kwa kuwa una hesabu iliyowekwa wazi na wenyewe. Novemba ya mwaka huohuo Mmarekani Saul Williams alitoa albamu aliyoitengeneza pamoja na Trent Reznor wa bendi ya Nine Inch Nails. Msikilizaji alichagua kati ya mawili, bure au dola 5. Mwanzoni mwa 2008 Reznor alianika daftari. Waliopakua walikuwa 154,449 na waliolipa 28,322, yaani kama 18 katika kila 100. Reznor alivunjika moyo. Nilipopiga hesabu nikapata zaidi ya dola 141,000, nikacheka peke yangu. Ukumbini kwetu wangeinuka 18 katika kila mia kuja kutunza, tungepiga hadi adhuhuri na mpiga besi angenyamaza.

Hapa nampa ndugu yetu haki yake kidogo. Radiohead walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa kwa fedha za kampuni kabla ya kuachia kisanduku, na albamu iliyofuata, ya mwaka 2011, waliiwekea bei. Kijana wa Handeni ambaye hajulikani hata Korogwe akiacha kisanduku kitupu atakikuta kitupu. Hilo halina ubishi, ila kijana huyohuyo akiweka bei pia hatauza.

Kuna njia ya katikati. Tovuti ya Bandcamp, iliyoanza 2008, humruhusu msanii kuweka bei ya chini, kisha mnunuzi akitaka huongeza juu yake kadiri ya moyo wake, na tovuti hukata asilimia 15 kwenye nyimbo za kupakua. Hata singeli, muziki wa kasi wa vijana wa Mburahati, Dar es Salaam, imepita huko. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso, unanunuliwa humo na watu wa mbali. Kwetu tatizo ni kwamba mlango wa tovuti ile ni wa kadi ya benki, na fedha ya mtu wa Mburahati imekaa kwenye simu.

Na simu nayo ina makato. Niwaambie vijana mnaobandika namba chini ya video zenu, msilipuuze jambo hili. Mtu anayetaka kukutunza shilingi 500 akifikiria ada ya kutuma na ya kutolea anaona aibu kuituma, anasema nitatuma siku nikiwa na kubwa, na siku hiyo haifiki. Mnaikumbuka tozo ya miamala ya Julai 2021, watu walivyorudi kubeba noti mifukoni. Noti iliyokunjwa mkononi mwa mama ukumbini haikukatwa kitu njiani.

Lakini sikuchukua kalamu kwa ajili ya makato. Nimeichukua kwa ajili ya jambo ambalo ndugu yetu hakuligusa kabisa, na wanaomsifu msanii wa "lipa utakacho" nao hawaligusi. Fedha inayotolewa kwa hiari humfuata anayeonekana. Kwetu ilimfuata mwimbaji. Hakuna mama aliyewahi kuinuka na noti yake akampita mwimbaji ili ampe mpiga kinanda, sembuse mtunzi wa mashairi aliyekuwa amelala nyumbani kwake. Kazi yangu mimi, kwa ufupi, ilikuwa kuirekebisha hali hiyo kabla ya alfajiri. Tulikuwa na mafungu. Mwimbaji mawili, kila mpigaji moja, vyombo fungu moja la nyuzi na spika, na mtunzi fungu moja hata kama hakukanyaga ukumbini. Mwimbaji aliyejiunga nasi alisomewa mafungu hayo kwanza, ndipo akashika maiki. Wapo waliogeuka mlangoni.

Jambo hili limenirudia mwaka huu. Mtu tusiyemjua aliichukua kanda yetu moja ya zamani akaipandisha YouTube, na picha ya jahazi ambalo hata si la Tanga. Wamesikiliza watu wengi kuliko waliowahi kuingia ukumbi wowote tuliopigia. Chini yake wapo wanaoandika kutoka Mombasa na Maskati, na mmoja wa Maskati aliuliza, "Hawa ninawatunza vipi?" Mjukuu wangu akasema, bibi, weka namba ya simu, kila mtu atoe atakacho. Nikamuuliza namba ya nani.

Tulikutana waliobaki, nyumbani kwa mpiga kinanda, Ngamiani. Mwimbaji wa wimbo ule ni marehemu. Watoto wake wanasema sauti ni ya mama yao, kwa hiyo namba iwe yao. Mtunzi alikuwa mvuvi wa Pangani, aliyekuwa akituletea beti zimeandikwa nyuma ya makaratasi ya sigara, naye ameacha mjane ambaye hajui hata kama kanda ile bado ipo. Wapigaji wawili walio hai wanasema bila wao sauti ile ingekuwa ya kuimbia bafuni, neno ambalo lilivuruga kikao kwa muda wa chai nzima. Hata huyo aliyeipandisha nilimtetea. Kanda yetu sisi ilikuwa imeliwa na unyevu, na kama si yeye tusingekuwa na cha kugombania, basi apewe nusu fungu akijitokeza na aliondoe lile jahazi. Hoja yangu hiyo ilishindwa.

Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja. Nani atabeba jina hilo? Fedha ikiingia usiku saa nane kutoka Maskati, nani ataiona kwanza? Maswali haya Radiohead hawakuhangaika nayo sana, wao ni watu watano wanaojuana tangu shule. Kwetu wimbo mmoja una waimbaji, waitikiaji, mtunzi, wapigaji, na siku hizi kuna prodyuza aliyetengeneza mdundo wote kwenye kompyuta na hatajwi hata kwenye maelezo ya video. Msikilizaji akipanga bei mwenyewe, hao wote wanalala na njaa isipokuwa mmoja, hata kama msikilizaji huyo ni mkarimu kupindukia. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo na COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, ipo, lakini noti ya hiari inayotoka simu kwa simu hupita bila kuwagongea mlango.

Kwa hiyo kwa vijana wa sasa nasema waachieni wasikilizaji wapange bei, wala msione haya, ila chini ya namba yenu andikeni mgao. Andikeni mtunzi anapata ngapi, prodyuza ngapi, mpiga gitaa ngapi. Mtu wa Maskati akijua kwamba mjane wa Pangani yumo, nadhani ataongeza, maana hata ukumbini watu walitoa zaidi walipoona wanatoa kwa ajili ya mtu. Zaidi ya hayo, tajeni majina ya waliotunza, kwa ruhusa yao. Anayetoa gizani hutoa mara moja. Anayetajwa mbele ya wenzake atarudi, hasa kama yupo mtu anayetaka aone.

Sisi bado hatujaweka namba. Binti mkubwa wa marehemu anataka mafungu mawili ya mama yake yaendelee kama daftari linavyosema, mdogo wake anataka yawe ya kisomo cha kila mwaka, na mpiga kinanda anataka kwanza fungu la vyombo lifutwe kwa kuwa vyombo havipo tena. Mpiga gitaa amekumbusha kwamba gitaa lake lipo. Kikao kingine ni baada ya Idi, na daftari ninalo mimi.

Wako,
Bibi Mshika Daftari,
Ngamiani, Tanga