Barua kwa mwanangu: mtakapowaombea Wabaniwa

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Marahaba, salamu zako zimefika, na baba yako anakusalimu sana. Nimefurahi kwamba kikundi chenu cha maombi kimepewa kuwaombea Wabaniwa, kabila la wenyeji wa Amazoni, mwezi huu. Ila kuna maneno katika ujumbe wako yameninyima usingizi: kwamba mlimwomba Mungu "awatoe gizani watu ambao hawajawahi kulisikia jina lake".

Mwanangu, jina lake wanalijua. Bibi yako alibatizwa mwaka 1961. Wakati huo Wabaniwa wa Mto Içana, kaskazini-magharibi mwa Brazili karibu na mpaka wa Kolombia, walikuwa wameshamwimbia Yesu kwa lugha yao miaka kama kumi. Kwa hesabu ya ukoo wetu, hao ni kaka na dada zetu wakubwa katika imani. Mdogo hamwombei mkubwa wake kana kwamba ndiye anayemlea.

Aliyewapelekea Injili ni mama Mmarekani, Sophie Müller, wa shirika la New Tribes Mission. Alifika Kolombia mwaka 1944, akaanza na Wakuripako, ambao lugha yao na Kibaniwa ni ndugu wa karibu, kisha akaenda kwa mtumbwi hadi Içana. Alijifunza lugha, akatengeneza vitabu vya silabi, akawafundisha kusoma na kuwatafsiria Agano Jipya. Waliojua wakawafundisha wenzao kijiji kwa kijiji.

Usidhani walimpokea kwa sababu walikuwa watupu. Walikuwa na habari za Muumba wao, Ñapirikoli, na karibu miaka mia moja kabla, mwaka 1857, walikuwa na nabii wao wenyewe, Venâncio Kamiko. Walichokuwa wamechoka nacho ni mabwana wa biashara ya utomvu wa mpira, waliowakopesha visu na nguo kisha wakawafunga kwa deni lisiloisha. Mtu asiyejua kusoma atalihakikije deni lake? Nikiwaza walivyoshika kalamu na Neno kwa mkono mmoja, namshukuru Mungu kwa machozi.

Lakini nisikufiche. Pamoja na Neno yalikuja makatazo. Ngoma zikakoma, pombe ya muhogo ikakoma, tumbaku ikakoma, na filimbi takatifu za wazee zikaachwa. Waganga wengine walitupa manyanga yao mtoni. Kisha mapadre Wasalesiani wakajenga misheni yao kwenye mto huohuo miaka ya 1950, na ndugu wa damu wakatengana, huyu mlokole, huyu Mkatoliki, wakapitana kwa mitumbwi bila kusalimiana.

Haya yananiuma kwa sababu yalitufika na sisi. Babu yako alikuwa mpigaji wa zeze, anajulikana Ugogo kote tulikoishi. Wiki ya ubatizo wake mwinjilisti mmoja alimwambia alichome. Alilivunja mwenyewe juu ya goti, akaliweka jikoni chini ya chungu, na ugali wa uwele ukapikwa kwa moto ule. Nilikuwa mtoto, nakumbuka hakula. Alimpenda Yesu mpaka anakufa, na sijawahi kumsikia akilalamika, ila mikono yake ilikuwa inacheza juu ya paja kila kwaya ilipoimba. Leo makanisa ya kwetu yanamsifu Mungu kwa zeze na marimba, na hakuna aliyerudi nyuma kwa sababu hiyo.

Basi mkipiga magoti, ombeni kwa kujua. Mshukuruni Mungu kwa wazee, wachungaji na mashemasi ambao ni Wabaniwa wenyewe. Mshukuruni kwa Meza ya Bwana yao, ambapo watu wa vijiji vya jirani hukusanyika kwa mitumbwi, wakala pamoja, wakalala huko, wakaimba. Kuna kina mama wanaokuna muhogo mchungu, wakausindika ndani ya mfuko mrefu uliosukwa, unaotundikwa na kuvutwa hadi maji ya sumu yachuruzike, kisha wakaoka mkate mpana juu ya kikaango cha udongo. Muhogo wetu sisi asili yake ni bara lao. Wareno ndio waliouleta Afrika. Tumekula kwa mkono wao kabla hatujawaombea.

Waombeeni vijana wanaohamia mjini São Gabriel da Cachoeira, ambako pombe ni tele na kazi ni shida. Mji huo ulikifanya Kibaniwa kuwa mojawapo ya lugha rasmi mwaka 2002, na mimi ninayeona wajukuu zangu hawajui Kigogo, hilo naliombea kwa bidii. Ombeni ardhi yao, iliyotambuliwa kisheria mwaka 1998, isiingiliwe na wachimba dhahabu. Na ombeni walokole na Wakatoliki wa mto ule wakae meza moja. Jambo hilo limeshaanza katika vyama vyao vya kutetea ardhi na kuuza vikapu na pilipili, kwa hiyo mnaomba kitu ambacho Bwana ameshakianza.

Jumatano akina mama tunakutana hapa kwetu saa kumi. Nimemwomba baba yako mdogo aje na zeze lake. Tutaanza kwa wimbo, halafu nitawataja Wabaniwa kabla ya kina sisi na shida zetu. Nipigie usiku nikueleze ilivyokuwa.

Mama yako akupendaye.