Hata chumba cha migebuka kinahitaji pacha

Mhariri,

Kila ninaposoma habari za pacha wa kidijitali, yaani nakala ya kitu halisi ndani ya kompyuta inayofuatilia hali yake, nakutana na injini za ndege, viwanda vikubwa, au Singapore, ambako mwaka 2014 serikali ilianza kutengeneza nakala ya nchi nzima ndani ya kompyuta. Msomaji wa Kigoma anakunja gazeti akisema hayo ni ya wenye nazo. Nakataa. Mimi nauza migebuka na dagaa, samaki wa Ziwa Tanganyika, hapa Kibirizi, na pacha huyo angeniokoa.

Mwaka jana kijana wangu alikuwa anaandika joto la chumba cha baridi kwenye daftari kila asubuhi. Hasi 18. Hasi 17. Hasi 15. Nilikuwa naona namba, sikuona ugonjwa. Siku moja alfajiri nikafungua mlango nikakanyaga maji, na migebuka ya juu ukiibonyeza kidole kinazama. Fundi aliponifungulia mashine kwa nyuma, feni moja ilikuwa imekufa na mapezi ya mashine, yale mabati membamba ya kutoa joto, yameziba kwa vumbi na mafuta. Kompresa, pampu inayosukuma gesi ya ubaridi, ilizunguka bila kupumzika mpaka ikaungua. "Mama," akaniambia, "hii imeanza kuumwa siku nyingi."

Hizo siku nyingi ndizo zinazoniuma. Tangu ziwa lianze kufungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kama mwaka 2024 kuanzia katikati ya Mei, chumba cha baridi ndiyo roho ya biashara yetu.

Pacha ni kama Kurwa na Doto. Kurwa ni mashine yenyewe, Doto yuko kwenye kompyuta. Sensa, yaani vifaa vidogo vya kupima, za joto na za umeme zinampelekea Doto hali ya mwenzake kila dakika, naye anajua kwamba kwa jua la leo, na mlango ukifunguliwa mara kadhaa, kompresa ilipaswa kupumzika muda gani. Isipopumzika, anasema mapema. Kengele ya kawaida inalia joto likishapanda, yaani samaki wakishaanza kuyeyuka. Tena Doto unaweza kumuuliza: nikiingiza tani moja ya samaki wabichi leo, halafu umeme ukatike kwa muda wa saa sita, mzigo utahimili? Unamjaribu yeye, samaki wako wamelala salama.

Jambo hili si geni. Aprili 1970 tangi la oksijeni lilipolipuka ndani ya Apollo 13, chombo cha Wamarekani kilichokuwa njiani kwenda mwezini, wataalamu waliobaki duniani walijaribu hatua muhimu kwenye mitambo ya mazoezi iliyofanana na chombo kile, ndipo wakawapa wanaanga maelekezo ya kurudi. Jina la pacha lilikuja miaka mingi baadaye.

Sisemi pacha ni mganga. Sensa ikichafuka na asiwepo wa kuifuta, Doto atasema uongo, na utamwamini.

Ninachoomba ni hiki. Wanaotuuzia vyumba vya baridi watuwekee sensa tangu siku ya kwanza, taarifa ziwe mali ya mwenye chumba, na zije kwa Kiswahili kwenye simu. Vyuo vya ufundi vimfundishe fundi friji kuzisoma. Nanyi gazetini mtuandikie gharama, kwa shilingi.

Daftari langu bado ninalo, limelowa pembeni lakini linasomeka. Kijana yeyote anayejua kutengeneza programu aje Kibirizi nimpe aanze nalo.

Mama muuza migebuka,
Kibirizi, Kigoma