Idd Mubarak, waliokula jana na wanaokula leo

Asalaam aleikum jamani. Idd Mubarak. Waliokula jana Idd Mubarak, wanaokula leo Idd Mubarak, na wale waliokula jana kwa mama mzazi na leo wanakula tena kwa mama mkwe bila haya wala soni, nyinyi ndio mmeijua dunia. Mungu atutakabalie saumu zetu, na wale tuliofuturu nao mwaka jana na mwaka huu wako chini ya mchanga Mungu awarehemu, na marafiki wasio Waislamu mnaongoja sahani ya biriani tangu jana, yaja, msitie presha.

Naandika nikiwa barazani, Majengo, kanzu nishaivua nimebaki na shuka, ndani wajukuu wa mamangu wanapigania rimoti, na kusema kweli nilitaka kutuma salamu fupi tu, ile ya kuforwadi yenye mwezi na nyota za kumetameta, lakini mkono umekataa. Kuna kitu kimenikaa kifuani Ramadhani nzima.

Kwanza hili la mwezi. Kila mwaka Mombasa ni yale yale, usiku wa ishirini na tisa watu wako nje macho juu, simu haiwekwi chini, ati umeonekana Lamu, la haukuonekana, ati Saudia washatangaza, Kadhi Mkuu je ametoka hajatoka, na kuna wanaofuata mwandamo wa popote duniani na kuna wanaotaka uonekane hapa hapa kwetu, na pande zote mbili zina vitabu na zina masheikh, na baada ya maneno yote hayo mji mmoja unakula Idd mbili. Nyumba ya pili kutoka kwetu mume amekula jana mke amefunga. Jana asubuhi bwana yule alitoka na kanzu yake mpya anakanyaga pole pole kama mwizi, na mkewe, na saumu yake mdomoni, ndiye aliyeipiga pasi ile kanzu usiku. Nimecheka sana lakini nimewaza pia, manake watu hawa hawajakubaliana na sidhani watakubaliana, babu zao wenyewe hawakukubaliana, na sahani zinavuka njia vile vile.

Ila tusijidanganye, mwezi hauchukui kazi ya mtu. Siasa inachukua, na shamba, na nyumba, na roho wakati mwengine.

Wengi wenu mwajua kisa changu na dadangu. Na wasiojua waliona tu kwenye grupu ya familia "fulani ametoka", "fulani ametoka", wakanyamaza kama adabu inavyotaka. Leo niseme mwenyewe.

Ni 2022. Kura tarehe 9 Agosti, sisi Mombasa ya gavana ikaahirishwa sababu karatasi za kura zilichanganywa, tukarudi kupiga tarehe 29, kwa hivyo lile joto ambalo kwa wengine lilikaa wiki kwetu lilikaa mwezi. Tarehe 15 makamishna 4 kati ya 7 wa tume ya uchaguzi wakayakana matokeo, Ruto milioni 7.17, Raila milioni 6.94, tofauti kama kura laki mbili na thelathini na tatu elfu, watu wakaenda kotini, tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu ikasema ni Ruto, yakaisha. Mimi nalikuwa chungwa, yaani ODM ya Raila, mpaka mswaki wangu ni wa rangi ya chungwa. Shemeji yangu, mume wa dadangu, ni mtu wa bara, alisilimu alipomuoa, yuko bandarini, mtu wa maneno machache sana, yeye wilbaro, alama ya chama cha Ruto. Usiku ule wa tarehe 5 akaweka kwenye grupu stika moja ya wilbaro. Moja tu, hata hakuandika neno. Na mimi nikamshukia. Nikamwambia atupishe, arudi kwao akashangilie huko, halafu, wallahi sijui ilitoka wapi, nikaongeza kuwa Uislamu wake ni wa ndoa. Mbele ya watu 43. Mbele ya mama mkwe wake, na wanawe wawili wenye simu.

Akajibu "sawa shemeji". Akatoka. Dadangu akatoka nyuma yake. Ami yangu ambaye ndiye admini akafunga grupu watu wasiweze kuandika, na hayo ndio yalikuwa maridhiano yetu, kunyamazishana.

Sasa neno lile "rudi kwenu", nyinyi mlio vijana mwalitupa kama ganda la ndizi, lakini mimi nimekulia Likoni na nilikuwa na miaka tisa Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi kilivamiwa, hapo karibu na feri, askari 6 wakauawa, bunduki zikachukuliwa, na siku zilizofuata vibanda na nyumba za watu wa bara zikawa zinawaka, na makaratasi ya kuwaambia wahame yalikuwa yashasambazwa, na ulikuwa mwaka wa kura. Zaidi ya watu 100 walikufa, wapata laki moja wakahama. Mimi ninachokumbuka ni cherehani. Jirani yetu alikuwa fundi, mtu wa bara, ndiye aliyekuwa akitushonea kanzu za Idd watoto wote wa njia ile, akikupima lazima akufinye shingo ucheke. Aliondoka alfajiri na mkewe na watoto na begi moja, cherehani akaiacha kwetu, mamangu akaifunika na leso. Ikakaa kwenye kona ile na leso yake miaka na miaka, kila Idd mamangu anaitoa leso anaipangusa vumbi anaifunika tena. Fundi hakurudi. Na si kwamba tulikuwa hatuwajui waliochoma, tulikuwa twawajua, wengine twawapa shikamoo mpaka leo.

Na nisiwe mnafiki nikaisimulia upande mmoja. Watu wa pwani wana madai yao na si ya kubuni, mtu anaitwa skwota kwenye shamba la babu yake, kazi za bandari zinagawanywa huku anaangalia, na msako uliofuata pale Likoni vijana walipigwa na kuteswa wengine hata hawakuwa na habari. Wanasiasa walikuta kisima kishachimbwa, wao wakaja na ndoo. Lakini fundi wa cherehani hakuwa amechukua shamba la mtu.

Wakubwa wao hupatana haraka, hilo tuwape. 2008 baada ya watu zaidi ya 1,100 kufa kwenye ghasia za kura na laki sita kukimbia makwao, Kofi Annan akawakalisha Kibaki na Raila mpaka tarehe 28 Februari wakatia saini. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru na Raila wakapeana mikono nje ya Harambee House, sisi huku bado tuna majina ya watu tuliowabloku. Agosti 2024 Joho wetu, aliyekuwa gavana wa Mombasa, aliyetuimbisha dhidi ya wilbaro mpaka sauti zikatukauka, akala kiapo kuwa waziri kwenye serikali hiyo hiyo ya wilbaro. Halafu tarehe 7 Machi 2025, ndani ya Ramadhani, chungwa na wilbaro wakatia saini mkataba rasmi. Mimi siku ile nilikuwa nasubiri futari nikaona video, wamekaa wanatabasamu, nikamtazama mamangu anapanga visahani na kiti cha dadangu kiko tupu, nikajiuliza mimi shemeji yangu nilimtukania nini hasa. Hao waliogombana washapatana, mimi niliyewagombania ndiye niliyebaki na ugomvi mkononi kama mtu aliyeshikishwa mzigo stendi na mwenyewe kapanda basi kaenda.

Kwa hivyo mtu akiniuliza nchi hii yaweza kupatana namjibu inategemea wasema ipi. Ile ya juu ishapatana na itagombana tena kabla ya kura za 2027, msihofu, na watapatana tena. Hii ya chini ndio ngumu sababu huku hakuna cheo cha kugawana, huku kuna aibu tu ya nani amtangulie mwenziwe.

Halafu kuna hizi samahani zetu za Kikenya. Machi 2015 Uhuru, akiwa rais, alisimama bungeni akaomba radhi kwa makosa ya serikali zote zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa walioumia, nami nilimpigia makofi kweli, lakini ripoti ile ya tume ya ukweli ya 2013 imebaki kabatini na watu wa mahema wazee washakufa wakiulizia. Mei 2025 Ruto naye akawaambia vijana kwamba kama kuna mahali tumewakosea twaomba msamaha, hii ni baada ya makumi ya vijana kufa kwenye maandamano ya 2024, na mimi lile "kama" lilinikwama kooni. Kama? Mzazi aliyezika mtoto unamwambia kama? Lakini pia nikajikumbuka, manake nilikuwa nishaandika meseji kwa dadangu mara nne nikaifuta, na zote nne zilianza na "kama nilimkwaza".

Waangalieni ndugu zetu wa Zanzibar. Pemba miaka ile walifika pabaya kuliko sisi, wa chama hiki hahudhurii maziko ya wa chama kile, duka halinunuliwi, msikiti mmoja lakini kila mtu na safu yake. Januari 2001 watu wakapigwa risasi na wengine wakakimbia na mashua wakaja kutua hapa Shimoni. Na watu hao hao, Novemba 2009, Rais Karume na Maalim Seif wa upinzani wakakaa chini, Julai 2010 wakapiga kura ya maoni asilimia 66 wakasema tuwe na serikali ya pamoja, na uchaguzi wa Oktoba ukapita salama. Najua mtaniambia 2015 matokeo yakafutwa na yote yakarudi nyuma, na 2020 damu tena. Kweli. Lakini wale wanaosema ilikuwa ni vyeo tu mimi siwaungi mkono, nina jamaa kule, waliokuwa hawazikani walizikana, na mtu mkishashika naye jeneza si rahisi kumkataa tena hata matokeo yakifutwa. Kilichovunjika kilivunjikia juu.

Sasa nirudi kwangu. Tarehe 15 Oktoba 2025 Raila alipofariki India nalikuwa kazini, nikakaa chini kwenye sakafu, sikuwahi kudhani nitamlilia mwanasiasa. Saa sita mchana simu ikalia, meseji kutoka namba ambayo nilikuwa nishaifuta jina. "Pole sana shemeji. Najua ulivyompenda." Basi. Miaka mitatu, na aliyeanza ni yeye.

Na sikumjibu. Niandike kila kitu leo. Sikumjibu, nikaona aibu, siku ikapita, ya pili ikapita, na ikishapita ya tatu unaanza kujitafutia sababu. Mtume (SAW) ametuambia si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakutane huyu ageuke huku na yule kule, na mbora wao ni anayeanza kutoa salamu. Siku tatu. Mimi nina Idd sita, na yule niliyemwambia Uislamu wake ni wa ndoa ndiye aliyeifuata hadithi.

Usiku wa mwezi ishirini Ramadhani hii mamangu alichoma kaimati nyingi kupita kiasi, najua alifanya makusudi, akazijaza kwenye bakuli lake la kioo lenye maua mekundu, lile la harusi yake ambalo sisi hata kuliosha haturuhusiwi, akafunika na kitambaa, akanipa. Hakusema pa kupeleka. Nikapanda tuktuk mpaka Mishomoroni, shira inanimwagikia kwenye suruali kila tuta, nimefika magharibi ishaadhiniwa. Dadangu akafungua mlango. Shemeji alikuwa zamu ya usiku. Nilikuwa nimejipanga maneno nikayatoa yote pale mlangoni, nikayataja moja moja niliyomwambia mumewe, la kwao na la dini, bila "kama", na mpwa wangu mkubwa amesimama nyuma yake anasikiliza, ashakuwa mrefu kunishinda. Dadangu akasikiliza mpaka mwisho. Akapokea bakuli, akaniuliza mama magoti vipi, akasema, "Nitamwambia." Hakunikaribisha ndani na mimi sikukaa kungoja kukaribishwa.

Shemeji hajanipigia. Hana deni la kunipigia, jibu nililokuwa nadaiwa ni langu mimi, nami bado nataka nimwone yeye mwenyewe si kupitia mlango wa mkewe.

Basi ndio hivyo jamani, Idd Mubarak tena, mpunguze nyama kuna watu wa presha humu. Ami, fungua grupu. Na kwa desturi yetu bakuli la jirani halirudi tupu, na hilo la kwetu mpaka saa hii ya Idd halijarudi, mamangu ashauliza mara mbili tangu asubuhi na mara zote mbili alikuwa akichungulia njiani.